Kabla ya kusaini franchaizi, jua nani anabeba nini

Wanaotaka ushauri wangu kuhusu franchaizi, yaani kulipia haki ya kuendesha biashara kwa jina na mfumo wa mwenye chapa, huanza na ada ya kuingia. Mimi huwarudisha kwenye mrabaha, yaani malipo ya kila mara kwa mwenye chapa: unakatwa kwenye nini? Mara nyingi hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kwa hiyo mwenye chapa anapata chake hata mwezi ambao wewe umelipa kodi ya pango na mishahara ukabaki mikono mitupu. Makao makuu yakitangaza punguzo la bei na wateja wakafurika, mrabaha unapanda, huku hasara ya punguzo ikibaki kwako. Nimeendesha duka chini ya chapa ya watu, na mivutano yetu mingi ilianzia hapo.

Mgawanyo wa kawaida hauna utata. Mwenye chapa analeta jina, mfumo wa kazi na mafunzo ya mwanzo, na analinda jina hilo lisichafuliwe. Wewe unaleta mtaji, unaajiri, unafuata mwongozo hadi rangi ya ukuta, na unafungua vitabu vyako vikaguliwe.

Kinachosumbua ni sentensi legelege. "Mwenye chapa atatoa msaada unaofaa." Unaofaa kwa nani? Mimi nilidai iandikwe anakuja nani, baada ya siku ngapi, na nauli yake inalipwa na nani. Walinuna kidogo, wakaandika. Changia pia mfuko wa matangazo ya chapa, lakini mkataba ukupe haki ya kuona fedha zilivyotumika. Kuhusu eneo ulilotengewa kuuzia, uliza kama ulinzi wake unagusa mauzo ya mtandaoni, au chapa inaweza kumuuzia mteja wa mtaa wako bila wewe kupata kitu. Usisahau mwongozo: mkataba ukishasainiwa umetulia, ila mwongozo mwenye chapa huweza kuubadilisha, na ukarabati unaotokana na mabadiliko hayo ukaangukia mfukoni mwako.

Marekani, sheria inamtaka mwenye chapa akupe waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa chochote. Ndani yake mna mawasiliano ya wenye maduka waliopo na ya walioondoka karibuni. Hata pasipo na sheria hiyo, omba orodha, kisha anza na walioondoka. Waliobaki wana duka la kuja kuuza, hawawezi kulichafua jina. Waulize hao walioondoka kama msaada ulifika walipouhitaji, na baada ya kutoka walizuiwa kwa muda gani kufanya biashara kama hiyo.