Ukipima Miamba ya Mtoni, Andika na Pale Pasipo na Mwamba

Vijana wanaoniletea kazi zao za jiolojia hapa Dar huja na ramani yenye vitone vya miamba kando ya mto, na kati ya kitone na kitone pametupu. Mimi huuliza kwanza kuhusu hapo patupu. Ulipita ukakuta hakuna mwamba, au hukupita kabisa? Ramani isiyojibu swali hilo haitufai, hata kama vitone vyenyewe vimewekwa vizuri.

Tunafuata mito kwa sababu jiji limekaa juu ya mchanga na udongo. Ukisimama barabarani huoni mwamba. Maji ndiyo yanayotuchimbia. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, Mpiji uko kaskazini, Kizinga na Mzinga kusini, na katikati yake kuna vijito visivyohesabika. Anzia mahali panapoonekana wazi kwenye ramani, kama daraja au makutano ya mito, kisha panda kuelekea chanzo. Maji husukuma mawe kwenda chini, kwa hiyo ukiwa unapanda na aina fulani ya mabonge ikakoma ghafla, rudi nyuma kidogo ukague kingo zote mbili. Huenda mwamba yalikotoka umeupita.

Kila unapobadilika ukingo, andika: kuanzia hatua fulani hadi fulani ni mchanga uliorundikwa na mto, hapa ni udongo mwekundu, hapa ni takataka tupu, ukingo hauonekani, hapa ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya umefunika kila kitu. “Hakuna mwamba” peke yake haitoshi, taja kilichoufunika. Mwamba wenyewe nao uchore kwa urefu wake halisi, sio kitone. Pima hatua zako kwanza kwenye mita 100 za barabara tambarare, maana ndani ya korongo lenye kuta na miti GPS ya simu huyumba.

Na hapo hapo kuna mtego wa ramani. Zile za zamani za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali, Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Usipobadilisha, vituo vyako vitahama takriban mita 300, na mwamba wa mtoni utajikuta sebuleni kwa mtu.

Shida kubwa ya Dar lakini ni mawe ya kuletwa. Watu wanazuia mto usile viwanja vyao kwa kifusi, viroba vya mchanga na mabonge ya zege. Bonge likikaa majini miaka kadhaa huota ukungu, kona zinalika, na mwanafunzi analiandika kuwa mwamba. Tone la asidi tunalotambulia mawe ya chokaa halikusaidii sana hapa: chokaa hutoa povu, na zege pia hutoa povu. Livunje uangalie ndani. Ukiona kokoto zenye kona kali zilizotapakaa bila mpangilio, au upande mmoja ulionyooka kwa kugusa mbao za kumwagia zege, hilo ni la fundi. Ukikuta jiwe gumu lenye mistari myeusi na myeupe inayometameta, usishangilie. Miamba ya aina hiyo iko bara, upande wa Lugoba na Chalinze, nasi huipokea kwa lori kama kokoto za ujenzi.

Mwamba wa kwetu una sura ya unyenyekevu. Pugu ni mawe ya mchanga yenye kaolini, yaani udongo laini mweupe, nayo ni meupe, yanayokuachia unga vidoleni. Ndiyo kaolini iliyochimbwa hadi yakabaki mapango. Kilima cha Wazo ni mawe ya chokaa, yanayolisha kiwanda cha saruji. Karibu na bahari, Oysterbay na Msasani, utakutana na matumbawe ya kale. Usilipe jina jiwe hadi uone limeungana na ukingo: fukua chini yake kwa nyundo, ukifikia mchanga uliolegea pande zote, hilo limetua tu.

Kabla ya yote, pita ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, na omba mwenyeji mmoja wa kutembea nawe. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na bomoabomoa watu hawajaisahau. Ukionekana na utepe na daftari nyuma ya nyumba ya mama wa watu, atauliza mnabomoa lini, na ana haki ya kuuliza. Mueleze kwa upole, “Shikamoo mama, tunaangalia mawe tu.” Rangi nyekundu ya kuwekea alama iache nyumbani kabisa, hakuna anayetaka kuona X karibu na ukuta wake. Vaa gambuti, maji ya Msimbazi si ya kuchezea.

Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba, maji yakiwa chini. Tarehe iandikwe kila kituo, kwa sababu masika huleta mchanga mpya na wachimba mchanga huuondoa, na mwamba uliouona Julai unaweza usiwepo machoni mwaka unaofuata.