Jibu: Ndege za kusaka nyambizi zilizoanzia Mombasa

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Mombasa ilikuwa na ndege za bomu za kusaka nyambizi. Ni kweli kabisa. Kikosi namba 621 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa Septemba 1943 hapo Port Reitz, ambapo leo ni Uwanja wa Ndege wa Moi. Kilipewa ndege aina ya Wellington: injini mbili, na mwili wa kimia cha chuma chepesi uliovikwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa! Hazikukaa sana, zikahamia Mogadishu, kisha Aden.

Tukio la kulijua ni la Mei 2, 1944. Wellington ya 621 iliikuta nyambizi ya Kijerumani U-852 juu ya maji, pwani ya Somalia, ikaimwagia mabomu ya kina, yaani yanayolipukia chini ya maji. Ilizama chini, lakini majeraha yakailazimisha kuibuka tena. Ndege za 621 na za kikosi namba 8 zikaiandama zamu kwa zamu hadi ikapandishwa ufukoni Bender Beila, na mabaharia wake wakailipua.

Nahodha Heinz-Wilhelm Eck alisahau kuteketeza daftari la safari. Ndilo lililosaidia kuthibitisha kwamba Machi ile aliizamisha meli ya Kigiriki Peleus, kisha yeye na baadhi ya mabaharia wake wakawamiminia risasi manusura waliong'ang'ania maboya. Kati ya watu 35 wa meli hiyo, waliookoka hadi mwisho ni watatu tu. Eck alihukumiwa kifo, akauawa kwa kupigwa risasi Hamburg, Novemba 1945.