Barua kwa mwanangu anayetaka kuhamia Kwa Mtoro

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hapa Kizota, Dodoma, hatujambo, mguu wa baba yako umepoa, hofu ni juu yenu na baridi ya huko Mbeya. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nimeusoma kwa sauti ili baba yako asikie, naye akanyamaza, unamjua akiulizwa jambo zito. Unauliza: kanisa likiwapeleka Kwa Mtoro kuhubiri na kufundisha kilimo, mwende na watoto wote, au mkubwa abaki hapa kwetu amalizie shule ya msingi mjini?

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, nani atalima?

Usicheke, baba. Umeniandikia mambo mengi: nyumba ya mwinjilisti ina bati, shule si mbali, pikipiki ya kanisa ipo, ekari moja ya shamba darasa imeshatengwa. Imetengwa, haya. Wewe utakuwa juu ya pikipiki, leo mazishi, kesho darasa la kipaimara, keshokutwa semina Kondoa. Mwalimu wa kilimo hayupo shambani, na shamba darasa lisilolimwa linawafundisha watu kuwa unasema uongo. Sasa jembe litashikwa na nani?

Tulipohamia Bahi wewe ulikuwa darasa la pili. Baba yako alirudi jioni na bahasha, akasema, "Mama, tumeitwa." Nikaisoma ile barua. Ilikuwa na jina moja, na halikuwa langu.

Huko Mbeya mmezoea mvua isiyoisha, umesahau kwenu. Hapa mwaka ukitupa milimita 600 tunashukuru, na zote zinakuja msimu mmoja, mwisho wa Novemba mpaka Aprili. Krismasi kila mtu ni mkulima hodari, shamba lote kijani. Halafu mvua inakatika, wiki mbili, tatu, jua linawaka, na ghala la mwaka jana limebaki vumbi. Ndiyo maana nasema siku zote, Ugogo Februari ndiyo inasema kweli. Babu yako alikuwa kibarua Kongwa Waingereza walipoleta matrekta ya karanga mwaka 1947. Mvua ikikoma, alisema, ule udongo uligeuka sakafu, karanga haing'oki, vyuma vinapinda. Mwaka 1951 wakafunga mradi na mamilioni yao ya pauni yakaishia hapo. Babu alikuwa akimaliza hadithi kwa kusema walipima ardhi yote, wakasahau kupima Februari. Mnapoambiwa na watu wa semina kwamba mavuno yatazidi mara tatu, kumbuka hilo.

Kamba ya visoda unaikumbuka? Baba yako alikuwa ametoka kujifunza mashimo ya Chololo, yale yaliyobuniwa na mkulima wa kijiji hichohicho cha Chololo: upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, samadi chini, udongo uliochimbwa unaulaza upande wa chini wa mteremko uzuie maji. Rula hatukuwa nayo. Wewe ulikusanya visoda kwenye arusi ya jirani, tukavipanga kwenye kamba ya katani kila sentimita 60, ukawa unavigonga kwa jiwe mpaka vinang'ata kamba. Ulijigonga kidole gumba na hukulia. Tukaivuta shambani, penye kisoda nachimba. Nilichimba mimi. Baba yako alichimba mstari wa kwanza, akaitwa kwenye msiba.

Kisha yakaja matandazo. Majani makavu na mabua ulibeba kichwani kutoka korongoni kila ukitoka shule, shingo yote vipele, na wenzako wanakucheka kwamba mwinjilisti analifunika shamba blanketi. Tukamaliza. Usiku mmoja wa Septemba ng'ombe wa mzee wa jirani wakaingia. Asubuhi palikuwa na kwato na kinyesi, basi. Mzee tulipomfuata hakukasirika hata kidogo. Alisema mabua yakishavunwa ni ya ng'ombe wa kila mtu, imekuwa hivyo tangu enzi za watemi, na sisi tumefika juzi. Kwa mila alikuwa sahihi, hilo ndilo lililonichoma. Wewe ukaja kwangu ukasema, "Mama, ng'ombe wamekula kazi yangu."

Jioni kwenye ibada ya nyumbani baba yako alisoma habari za kusamehe. Akasema tusizungushe miiba, tutakuwa tumewafungia watu mlango tuliokuja kuwafungulia. Mimi niliitikia amina, na alfajiri nikachukua panga nikakata miiba mwenyewe, nikazungushia ekari nzima. Baba yako alipita, akaangalia, akakohoa, akaenda zake. Mpaka leo hatujalizungumza. Wakati mwingine naona alikuwa na haki, mhubiri mwenye ua ni mhubiri nusu. Halafu nakumbuka yule wa kwenye Mathayo aliyepanda mizabibu, mbona naye alizungusha ugo kabla ya kuchimba shinikizo? Mtoto akishabeba majani kichwani, mtu mzima ana wajibu wa kuyalinda. Hapo sitoki.

Februari ikafika. Uwele wetu ulisimama, wa jirani ukajikunja. Usidhani tulijaza magunia, kweleakwelea walikula upande wote wa korongoni na wewe ulikuwa mlinzi ukalala. Lakini tulivuna, na watu waliona. Baada ya mavuno, magharibi, mke wa yule mzee alikuja uani. Hakuomba chakula wala maombi. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama mwinjilisti, niazime ile kamba yenye visoda." Alikaa nayo mpaka akatengeneza yake, akairudisha pamoja na kibuyu cha maziwa mgando. Maziwa ya ng'ombe wale wale! Nilikunywa nikicheka peke yangu jikoni, na mlenda wa siku ile sijapata kuula mtamu vile. Mimi ndiye niliyefuatwa, si baba yako, kwa kuwa ndiye aliyeonekana shambani. Kanisani alianza kuja miaka mingi baadaye. Mzee wake hakuja mpaka anakufa, na nilimpikia uji alipougua.

(Wageni wa kanisa walipokuja na kamera mwaka uliofuata, baba yako alipigwa picha na jembe. Alilichukua mkononi mwangu dakika ile ile, mimi nikaombwa chai. Picha ipo kwenye albamu, iangalie ukija.)

Haya, watoto.

Dada yako tulimwacha kwa shangazi yenu mjini asome. Hana naye alimwacha Samweli hekaluni, kila mwaka akimpelekea kanzu ndogo. Wahubiri wanaipenda habari hiyo, ila sijamsikia hata mmoja akiuliza Hana alijuaje kipimo. Mimi nilikuwa nashona sketi ya shule kwa kukisia, nikifika mjini imeshakuwa fupi, mtoto ananiambia asante kwa adabu kama anavyomwambia mgeni. Leo ni mhasibu, ametuwekea tanki la maji, kila mwisho wa mwezi anatuma kitu. Lakini akija Krismasi anakaa siku mbili na simu mkononi. Wewe tuliyekubeba, hesabu ulifundishwa na mwalimu aliyekuwa haonekani msimu wa kulima, kidato cha nne ukarudia mitihani. Na ni wewe, si yeye, unayetaka kurudi vijijini. Kwa hiyo waliobebwa ndio waliopona? Ngoja. Shangazi yenu alikuwa mkali, labda ni ukali ule, si umbali. Na wewe labda ungerudi hata kama ungesoma Ulaya. Nimelizungusha hili kichwani tangu juzi na kila nikilishika upande huu linaponyoka upande ule.

Unataka niseme. Nikisema mlete, utadhani bibi anatafuta wa kumtuma dukani, na kweli namtaka, chumba nimeshakifagia. Nikisema nenda naye, basi siku akiugua homa usiku na pikipiki haina mafuta, sauti yangu ndiyo utakayoisikia. Ulimi unaniwasha, mwanangu. Ninalo la kusema na ninalimeza. Ukifika Februari yako ya kwanza kule, niulize tena, hapo nitasema.

Baba yako anasema mbegu mchukue hapa kabla hamjapanda: uwele wa Okoa na mtama wa Macia, inawahi kabla mvua haijakata. Mahindi mkipanda, yawe ya kuchoma tu. Anasema pia Wasandawe, wenyeji wa huko Kwa Mtoro, ni watu wa asali, uanze kwa kuwauliza juu ya mizinga yao kabla ya kuwafundisha chochote. Hilo naliunga mkono.

Nimeutafuta ujumbe wako wote, mwanzo hadi mwisho, mke wako anasemaje, sijaona hata mstari. Barua ya kanisa imeandikwa majina mangapi? Muulize leo, na jibu lake usiniletee wewe. Ana simu yake, namba yangu anayo, anipigie Jumapili mchana. Jioni niko kwaya.

Mama yako