Amoksilini ya bei rahisi si kwamba daktari kakudharau

Mkuu, umeuliza kwa nini mwanao kaandikiwa amoksilini tupu pale kituo cha afya wakati mtoto wa jirani, kwa kikohozi hichohicho, kapigwa sindano za seftriaksoni za hela ndefu. Mimi ni tabibu, nakaa OPD (wagonjwa wa nje) huku Mwanza, na hilo swali naulizwa kila wiki: "Dokta, hii ya buku mbili itamsaidia kweli?"

Mtoto akija anakohoa, namwomba mama amfunue kifua, ampe ziwa atulie, halafu nahesabu pumzi dakika nzima jicho likiwa kwenye saa. Akilia naanza upya. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano akifikisha 40, hiyo naihesabu nimonia, na kama hana mzio wa penisilini dawa ya kwanza ni amoksilini, vile vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji kidogo. Mwenye kilo 10 mpaka 13 hivi anapewa viwili asubuhi, viwili jioni, siku 5. Kama hanyonyi, anatapika kila kitu au kapata degedege, hapo ni rufaa tu, habari ya bei haipo tena.

Pumzi zikiwa chini ya hapo na kifua hakibonyei ndani, mara nyingi ni mafua. Anarudi nyumbani bila antibayotiki (dawa ya kuua bakteria), na mama ananuna. Wengi wakitoka hapo wanapitia duka la dawa, na huko hawakosi cha kuuziwa.

Shirika la Afya Duniani limezipanga antibayotiki makundi matatu: za kuanzia, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Amoksilini, doksisiklini na nitrofurantoini ziko kundi la kuanzia. Seftriaksoni, azithromisini na siprofloksasini (sipro) ziko la pili. Seftriaksoni tunaihitaji kwa homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya damu. Ukiichoma kwa mafua, bakteria wanaizoea bure, na siku inatakiwa kweli haifanyi kitu. Bei haina uhusiano na ukali wa dawa.

Hapa kwetu kuna jambo jingine, hii "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha. Mwanamke asiye mjamzito anayeungua akikojoa, nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku 5 kwa kawaida inatosha. Ila kijana wa Misungwi au Kwimba anayetoa damu mwishoni mwa mkojo, aliyekulia kuoga malamboni, mpimeni kichocho kwanza! (Watu wa mwambao wa ziwa wao hupata zaidi kile cha tumbo.) Dawa yake ni prazikwanteli, kwa uzito. Wanafika kwangu wamemaliza sipro na azithro, hela imekwisha, damu iko palepale.

Na kuharisha maji kwa mtoto ni ORS na zinki. Flajili ya nini?

Sasa kwa mwanao: chukua kadi ya kliniki, angalia kilo zake, linganisha na idadi ya vidonge ulivyopewa. Kama haviendani, au dirisha la dawa wamekubadilishia dawa, rudi kwa aliyeandika kabla hujampa kesho asubuhi.