Barua kwa mwanangu: hilo jicho kwa jicho lilitoka wapi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Huku hatujambo, mvua za vuli zimeanza na mguu wa baba yako umepata nafuu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako wa kazini amekuonyesha picha ya jiwe la Hammurabi, ndani yake kuna "jicho kwa jicho", akakuambia kwamba Musa alinakili kwa wapagani. Ukampelekea mchungaji wako jambo hilo, naye akakujibu kuwa sheria ya Mungu haibadiliki na anayehoji anaijaribu imani. Sasa umebaki katikati, unaniuliza mimi: hizi sheria zilitoka wapi, na kama ni za Mungu, mbona hakuna kanisa linalong'oa watu macho?

Umefanya vizuri kuuliza. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi na Biblia naisoma kila asubuhi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Uwe nayo wazi unaposoma.

Kwanza jiwe. Mwenzako hakukudanganya. Lipo Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre, jeusi, refu kupita mtu, mita mbili na robo. Wafaransa walilifukua Susa, nchini Iran, katika majira ya baridi ya 1901 kuelekea 1902. Hammurabi alitawala Babeli takriban kuanzia 1792 hadi 1750 KK, na sheria zake zimezoeleka kuhesabiwa 282. Hata ukimweka Musa mapema kiasi gani, Hammurabi anamtangulia kwa karne kadhaa. Na Hammurabi naye alitanguliwa. Mfalme Ur-Nammu wa Uru alikuwa na sheria zake karne tatu hivi kabla yake.

Lakini mwambie mwenzako asiishie kwenye sheria ya 196. Hiyo ndiyo inayosema kwamba mtu huru akimpofua mtu huru mwenzake, naye apofuliwe. Sheria ya 198 inasema akimpofua mtu wa tabaka la chini, atalipa mina moja ya fedha (mina ni kipimo cha kale cha uzito). Ya 199 inasema akimpofua mtumwa wa mtu, atalipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Ukiitazama hiyo nusu ya bei, haiendi kwa aliyepofuka. Anaipokea bwana wake, kwa sababu mali yake imepungua thamani.

Sasa fungua Kutoka 21, mstari wa 26 na 27. Bwana akimpiga mtumwa wake, mwanamume au mwanamke, akamharibu jicho, atamwacha huru kwa ajili ya jicho lake. Hata jino. Jino moja limetoka, mtu anaondoka huru. Hapa anayefidiwa ni yule yule aliyeumizwa, na anayemfidia ni bwana wake mwenyewe. Mambo Walawi 24:22 inaongeza kwamba sheria iwe moja kwa mgeni na kwa mzalia. Mimi nikisoma kurasa hizo mbili pamoja naona watu waliorithi maneno ya mababu wa nchi zile zote, wakayaandika upya kwa dhamiri nyingine. Kama huko ni kunakili, basi ni kunakili kwa mtu anayebishana na anachokinakili.

Kuna jambo lilinishangaza nilipolijua, na wengi hulielewa kinyume. Tunadhani zamani kabisa watu walikuwa wakali, wakitoana macho, kisha polepole wakastaarabika wakaanza kutozana faini. Kumbe sheria za Ur-Nammu na za mji wa Eshnunna, ambazo ni kongwe kuliko jiwe la Hammurabi, zinatoza fedha. Eshnunna ukimng'ata mtu pua ikakatika, mina moja ya fedha. Jicho, mina moja. Jino, nusu mina. Jicho kwa jicho limekuja baadaye. Kwa nini? Wanahistoria wa sheria wanabishana, na mimi naegemea wale wanaosema faini ilimpendelea tajiri. Mwenye ghala la fedha anaweza kukupofua leo, akakulipa kesho, akalala usingizi. Sheria iliyosema jicho lake ni sawa na jicho lako ilimtisha yeye kuliko ilivyomtisha maskini. Nayo iliweka mpaka: jicho moja kwa jicho moja, usije ukaua ukoo mzima kwa sababu ya jeraha.

Hebu tukae kidogo na ng'ombe, maana hapo ndipo utaona mshono wenyewe. Kutoka 21:35 inasema ng'ombe wa mtu akimuumiza ng'ombe wa mwenzake hata akafa, watamuuza yule aliye hai, wagawane fedha zake, na mzoga wagawane vilevile. Mwaka 1945 na 1947, huko Tell Harmal karibu na Baghdad, vilifukuliwa vibao vya udongo vyenye sheria za Eshnunna, na humo mna hukumu hiyo hiyo: thamani ya aliye hai na nyama ya aliyekufa zigawanywe kati ya wenye ng'ombe wawili. Hesabu haijapishana. Hii ilikuwa hukumu ya wazee na waandishi katika nchi zote zile, ikapita mdomo kwa mdomo na kibao kwa kibao. Hata kijijini kwa babu yako, ng'ombe akijeruhi mtu, swali la kwanza la wazee lilikuwa: ana desturi hiyo? Mwenyewe alishaambiwa? Ndilo swali la Hammurabi katika sheria ya 251, na ndilo la Kutoka 21:29.

Wanapoachana ni pale ng'ombe anapoua mtu. Babeli, mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa analipa nusu mina, na maisha yanaendelea. Katika Kutoka, ng'ombe mwenyewe anapigwa mawe na nyama yake hailiwi, hasara tupu, na mwenye ng'ombe anastahili kufa, ila akitozwa fidia ya uhai wake ataikomboa nafsi yake. Halafu kuna mstari wa 31, ambao nusura uupite bila kuuona: kwamba ni hukumu hiyo hiyo hata akiwa amemuua mtoto wa mtu, wa kiume au wa kike. Mbona wamtaje mtoto? Kwa sababu Babeli, nyumba ikimwangukia mtoto wa mwenye nyumba akafa, aliyeuawa ni mtoto wa fundi aliyeijenga. Ni sheria ya 230. Torati ikaukata mzizi huo, ikasema katika Kumbukumbu 24:16 kuwa baba asiuawe kwa ajili ya mwana wala mwana kwa ajili ya baba, na 2 Wafalme 14:6 inamtaja mfalme Amazia aliyewaacha hai watoto wa waliomuua baba yake kwa sababu ya maneno hayo. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa nije kwa mchungaji wako. Sheria haibadiliki, anasema. Basi na asome Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Musa hakuwafukuza. Alipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamesema haki, wapewe urithi. Sheria mpya ikazaliwa kutokana na swali la wasichana. Kisha katika sura ya 36 wazee wa kabila lao wakarudi na malalamiko, kwamba wakiolewa nje ardhi itatoka kwenye kabila, na sheria ikarekebishwa tena: waolewe ndani ya kabila la baba yao. Yote mawili yamo ndani ya kitabu kimoja, chini ya Musa yule yule.

Au alinganishe Kutoka 21:7 na Kumbukumbu 15. Kutoka inasema binti aliyeuzwa na baba yake hatatoka kama wanavyotoka watumwa wa kiume. Kumbukumbu inamtoa mwaka wa saba mwanamke kama mwanamume, na inakataza asitoke mikono mitupu. Apewe kondoo, nafaka na divai.

Walioishi na Torati baada ya hapo waliendelea hivyo hivyo. Karne ya kwanza, Philo wa Alexandria, mwanafalsafa Myahudi, alilichukua jicho kwa jicho kama lilivyo. Josephus, Myahudi wa karne hiyo hiyo, aliandika kwamba mwenye kumlemaza mwenzake apate kama alichotenda, isipokuwa aliyelemazwa akikubali fedha. Na marabi waliokusanya Mishna, yaani sheria za mapokeo ya Wayahudi, mnamo mwaka 200 hawakuacha hata nafasi ya kisu. Aliyemjeruhi mwenziwe analipa vitu vitano: upungufu wa mwili, maumivu, matibabu, siku alizoshindwa kufanya kazi, na aibu. Hebu mweke mtu mbele yako. Kinyozi kapoteza mkono. Utakadiria thamani yake imeshuka kiasi gani, na walikadiria kwa bei ya mtumwa sokoni, jambo ambalo leo linatuchoma masikioni. Utamlipa maumivu aliyoyasikia. Utamlipia mganga, na kidonda kikifumuka kwa sababu ya jeraha lile, unamlipia tena. Utamlipa siku alizolala. Na utamlipa kwa kuaibika mbele ya watu. Sijui sheria ya kale nyingine iliyokaa chini kumsikiliza majeruhi namna hiyo.

Walipataje ujasiri wa kusoma "jicho" wakatoza fedha? Talmud, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaonyesha wakibishana. Mmoja anauliza: je, jicho la huyu kubwa na la yule dogo, huo utakuwa usawa? Mwingine: kipofu akimpofua mtu, utamtoa nini? Na mwingine anashika Hesabu 35:31, isemayo msipokee fidia kwa uhai wa mwuaji. Anasema ikiwa fidia imekatazwa kwa uhai, basi kwa viungo imeruhusiwa. Rabi Eliezer peke yake alisema ni jicho kweli, na maneno yake wakayahifadhi pamoja na ya wengine.

Hapo ndipo Mathayo 5 inapokuwa na uzito wake. Bwana Yesu anasema mmesikia jicho kwa jicho, kisha anamtaja mtu aliyepigwa shavu la kuume. Mishna ina bei ya kofi: zuzi 200, yaani sarafu za fedha za wakati ule, kwa kofi la kiganja, 400 kwa kofi la nyuma ya mkono, kwa sababu linadhalilisha zaidi. Na zuzi 200 ndizo zilizokuwa mpaka wa umaskini. Aliyekuwa nazo hakuruhusiwa tena kuokota masazo shambani. Mtu wa mkono wa kulia akikupiga shavu la kuume mmetazamana, amekupiga kwa nyuma ya mkono. Mishna iliandikwa baadaye, lakini mila zake nyingi ni kongwe kuliko wino wake, na mimi naamini wasikilizaji wa mlimani walijua kwamba Yesu anazungumza na mtu mwenye madai halali ya fedha nyingi, naye anamwomba ayaachilie. Hakumzungumzia hakimu hapo. Alimzungumzia aliyeonewa. Majirani zetu Waislamu nao wana aya ya 45 ya Sura Al-Maida, inayotaja jicho kwa jicho la Torati, kisha inasema atakayesamehe kwa sadaka, itakuwa kafara yake.

Usidhani nimekuletea picha nzuri tu. Kutoka 21:20 na 21 inasema bwana akimpiga mtumwa akafa papo hapo ataadhibiwa, lakini mtumwa akiishi siku moja au mbili, hataadhibiwa, kwani ni fedha yake. Mstari huo unanichoma kila nikiufikia na sina namna ya kuupamba. Umo mistari sita tu kabla ya ule wa jino. Wenye watumwa Marekani waliitumia Biblia hii hii kujitetea. Waliowapinga, bunge la huko lilipopitisha mwaka 1850 sheria ya kuwarudisha watoro, walifungua Kumbukumbu 23:15: usimrudishe kwa bwana wake mtumwa aliyekukimbilia. Na pwani yetu yalitokea hayo hayo. Watoro walikimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, mabwana wakawadai, na hati zao za uhuru zikatolewa Januari 1889 baada ya mabwana kulipwa fedha.

Kwa hiyo mwenzako mwombe akuonyeshe pia sheria ya 16 ya jiwe lake, inayomwua mwenye nyumba aliyemficha mtumwa mtoro, aiweke kando ya Kumbukumbu 23:15, kisha akuambie nani alimnakili nani. Mchungaji usigombane naye, ni mtu mzima na anakuombea. Mpelekee Hesabu 27 na 36, mkae naye msome pamoja, umsikilize. Akikuuliza umeyatoa wapi, mwambie ni mama, na mpe salamu zangu.

Mama yako