Ukitaka kumwona koa, tafuta chakula chake

Nilipoanza kuhesabu koa wa baharini katika Mto Mooloolah, huko Queensland, Australia, nilizamia nikipiga mapezi ukingo mzima nikarudi na aina 3. Mwenzangu alikuwa ameganda kwenye jiwe moja muda wote huo. Kibao chake cha kuandikia chini ya maji kilikuwa na aina 14.

Alichonifundisha ndicho ninachowapa nanyi: usimtafute koa, tafuta anachokula. Wengi hawafiki hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kila mmoja ana chakula chake. Huyu hula sponji, yule haidroidi, yaani vijinyama vya baharini vinavyoshikamana na mawe, basi hawatoki mbali na hapo. Pia angalia mayai: utepe mwembamba uliojizungusha kama ukili uliokunjwa. Siku moja niliuona mmoja mweupe chini ya kijiwe, nikatulia, nikaanza kuhesabu pumzi. Uchafu mdogo pembeni yake ukainua pembe mbili. Nilifurahi hadi miwani ikaingia maji.

Zama maji yakiwa yamejaa na kusimama. Yakijaa huleta maji safi ya bahari. Yakianza kupwa mto hushusha tope, na hapo tochi haisaidii kitu. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, mkondo ni mpole zaidi. Baada ya mvua kubwa, ahirisha.

Kina cha mita 3 kinawadanganya wengi. Karibu na uso, hewa ya kwenye jaketi la kuelea hutanuka na kusinyaa upesi, kwa hiyo unapanda bila kutaka, na juu kuna boti. Mimi huongeza uzito wa risasi wa kilo moja mkandani, hubeba bendera, na hutoka kwa kufuata mteremko wa ukingo mpaka maji yafike magotini. Sipandi kamwe katikati ya mto.

Piga picha ya pembe za kichwani na ya matamvua ya mgongoni, maana hivyo ndivyo vinavyosaidia kutofautisha aina. Usimshike. Sensa ya koa iliyoanzishwa Nelson Bay, Australia, mwaka 2013 na Southern Cross University hutegemea picha za wazamiaji wa kawaida, na zimesaidia kuonyesha koa wa maji ya joto wanaojitokeza kusini zaidi, kwenye maji ya baridi. Ndiyo maana nasisitiza: andika tarehe, mahali na dakika ulizotafuta, hata siku uliyotoka bila kuona koa hata mmoja.