Dodoso limefika mlangoni: majibu kwa wasomaji

Mara ya mwisho niliandika hapa kwamba mpango wa jiji usiouliza wakazi ni nusu ya mpango. Maswali yakamiminika, mengine ya hasira. Nimeyachagua haya, yaliyobaki ni ndugu zao.

Nimeletewa dodoso kuhusu upanuzi wa barabara ya mtaani kwetu, ila nasikia mkandarasi ameshapatikana. Nipoteze muda kulijaza?

Tazama kwanza ukurasa wa mwanzo. Dodoso la dhati husema nani ataamua, ataamua lini, na kipi bado kinaweza kubadilika. Likinyamazia hayo, una haki ya kushuku. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliufananisha ushirikishwaji wa wananchi na ngazi ya vipandio 8. Chini kabisa wananchi wanachezewa akili. Juu kabisa wanaamua wenyewe. Kuuliza maoni alikuweka kipandio cha nne tu, katika kundi ambalo sisi tungeliita danganya toto, kwa sababu anayeulizwa hana uhakika kwamba alichosema kitafuatwa.

Hata hivyo, jaza. Upana wa barabara huenda umeshafungwa, lakini mahali pa kivuko cha waenda kwa miguu, mkondo wa mtaro na nafasi ya taa ni mambo yanayoweza kurekebishwa kazi ikiwa imeshaanza. Andika hayo, na utaje mahali hasa.

Wamehoji watu 1,000 katika jiji la watu milioni 3. Mimi sikuulizwa, wala simjui aliyeulizwa. Wanawezaje kusema “wakazi wanataka”?

Swali hili limeletwa na wengi, na wengi wamekasirikia jambo lisilo na kosa. Ili kupima damu yako, mganga hahitaji kuimaliza yote mwilini. Watu 1,000 wakichaguliwa kwa bahati nasibu, yaani kila mkazi akiwa na nafasi sawa ya kufikiwa, matokeo hutofautiana na hali halisi kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Wakiwa 400, ni kama asilimia 5. Jiji liwe la watu milioni 3 au milioni 10, hesabu haibadiliki sana.

Kosa huingia kwenye namna ya kuwapata hao watu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi takriban milioni 10 kuuliza nani angechaguliwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, jarida likamtangaza mgombea Landon kuwa mshindi. Mpinzani wake, Roosevelt, akashinda majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilikuwa zimetolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na wakati ule wa dhiki hao hawakuwa watu wa kawaida. Tena wengi wa waliopokea kadi hawakuzirudisha. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa nikupe silaha ambayo hukuiomba. Wale 1,000 ukiwagawa katika kata 20, kila kata inabaki na watu 50, na kwa watu 50 makosa yanaweza kufika asilimia 14 hivi. Kwa hiyo afisa akisema “jiji linataka mabasi zaidi”, msikilize. Akitumia dodoso hilohilo kusema “kata yenu haitaki bustani”, mwulize kwenu walihojiwa wangapi.

Swali lenyewe lilisema: “Je, unaunga mkono uboreshaji wa barabara na usalama wa watoto?” Nani atajibu hapana?

Hakuna, na ndiyo maana liliandikwa hivyo. Hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: unaweza kutaka usalama wa watoto na usitake barabara ipanuliwe. Swali zuri huonyesha gharama. “Ungekubali maegesho yapungue ili njia ya miguu ipanuke?” Hapo mtu anafikiri kabla ya kujibu. Ukikutana na swali pacha, usichague kisanduku kwa kubahatisha. Tumia nafasi ya maoni kuandika sehemu unayoikubali na unayoikataa.

Sisi ni wapangaji. Wahojaji huja mchana tukiwa kazini, wanaongea na wenye nyumba.

Malalamiko yako yana ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipopitia kumbukumbu za mikutano ya mipango miji katika jimbo la Massachusetts, waliona kuwa wasemaji walielekea kuwa wazee zaidi, wanaume zaidi na wenye nyumba zaidi kuliko wakazi kwa jumla, na wengi walisimama kupinga ujenzi wa nyumba mpya. Dodoso lililotengenezwa vizuri linaweza kuzisawazisha sauti hizo kuliko mkutano, mradi wahojaji waje pia jioni na mwisho wa juma. Watakwimu nao wana dawa yao: kama vijana ni 40 katika kila wakazi 100 lakini ni 20 tu katika kila 100 waliojibu, kila jibu la kijana hupewa uzito wa mawili. Dawa hiyo haimfai ambaye hakujibu kabisa. Waombe warudi.

Sijasoma mipango miji, hata ramani zinanichanganya. Maoni yangu yana maana gani?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu anajua upana wa barabara; wewe unajua ni kona ipi watu huizunguka kwa mbali usiku. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alitambua hilo mapema. Aliwaomba wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wachore jiji lao kwa kumbukumbu tu, na utafiti huo aliouchapisha mwaka 1960 bado unafundishwa. Siku hizi kuna madodoso ya ramani kwenye intaneti, Finland ikiwa miongoni mwa waliotangulia: mkazi anaweka alama mahali anapopapenda, anapopaogopa, anapopita kila siku. Ukiulizwa jambo usilolijua, ruka. Usijifanye mhandisi.

Majina yetu yatajulikana?

Kwa kawaida majibu huchapishwa kwa jumla tu. Ila angalia: umri, kazi na mtaa vikiunganishwa vinaweza kumtambulisha mtu. Una hiari ya kuacha nafasi wazi.

Wengi wakikataa, mradi si ufutwe?

Si lazima, na mfano wangu ni Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Kabla ya jiji kuanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, tafiti za maoni zilionyesha wengi wanapinga. Viongozi wakaamua kujaribu kwanza, kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Septemba mwaka uleule wakazi wa jiji walipopiga kura, wengi walisema ndiyo, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Watu walikuwa wameyaona kwa macho yao yale waliyokuwa wakiyabuni.

Msikimbilie kushangilia, lakini. Manispaa kadhaa za jirani zilipiga kura zao, na huko jibu likawa hapana. Mchora mpaka wa wapigakura alikuwa ameshaamua nusu ya matokeo.

Nilijaza mwaka jana. Kimya mpaka leo.

Andika barua fupi kwa ofisi iliyolisambaza. Omba idadi ya waliojibu kwa kila kata, maneno kamili ya kila swali, na orodha ya yaliyobadilishwa kwenye mchoro baada ya maoni kupokelewa, pamoja na sababu za yaliyokataliwa. Lile la tatu ndilo gumu kwao, kwa hiyo liweke mwanzo wa barua. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, kisha unitumie jibu lao.